Ndama wa Izmir

Nazmiye alikuwa na tabia moja ambayo hakuiacha mpaka mwisho: swali la kutoka wapi alilijibu mara moja tu.

Mteja aliegemea kioo cha kaunta, akamtazama uso, akaitazama jibini, akaurudia uso, kisha akauliza, "Dada, wewe unatoka wapi?" Nazmiye alijibu, "Izmir," macho yakiwa bado kwenye mizani. Mteja alitabasamu kama mtu mzima anayedanganywa na mtoto, akauliza tena, "Hapana, nauliza unatoka wapi hasa." Hapo Nazmiye aliinua kijiko chake kirefu chenye matundu na kusema, "Zeituni za kijani au nyeusi?"

Jibu la pili hakuna aliyelipata. Wengi waliondoka na ratili nzima ya zeituni ambazo hawakuja kuzinunua.

Duka lilikuwa la Selami, Mturuki wa Konya, kwenye kile kipande cha Irving, Texas, ambacho watu walikiita kwa Waturuki: safu moja ya maduka, kinyozi, mahali pa chai, na nyuma yake nyumba za kupanga za ghorofa mbili ambazo ndege za uwanja wa ndege zilipita juu yake tangu alfajiri. Nazmiye aliishi huko nyuma, chumba cha chini, na mlangoni alikuwa na mikebe mitatu ya zeituni aliyoigeuza vyungu vya mrehani. Alifika Irving mwaka 1998 akifuatana na mume wake Rasim, fundi wa magari. Rasim alifariki, yeye akabaki. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye umri wa miaka sitini na ushee, na Kituruki chake kilikuwa cha mjini, cha haraka, cha mtu aliyezaliwa nacho.

Prudensia alimwona mara ya kwanza mwaka 2017. Prudensia alikuwa Mtanzania wa Bukoba, karani wa mapokezi kwenye kliniki moja ya meno ng'ambo ya barabara, na aliingia kwa Selami kutafuta mkate. Akamwona mwanamke mweusi mwenye kitambaa kichwani nyuma ya kaunta, moyo ukamruka kwa furaha. Akamwamkia kwa Kiswahili. Hakujibiwa. Akaamkia tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu wengine huwa wana aibu ya kusema lugha yao mbele ya tajiri. Yule mama akamtazama kwa upole kabisa, akamuuliza kwa Kiingereza kama anataka jibini.

Prudensia alitoka pale amevimba. Jioni alimsimulia rafiki yake Jedidah, Mkenya, muuguzi anayehudumia wazee majumbani. Jedidah alikwisha kukutana na mambo hayo.

"Huyo ame-decide yeye si mweusi, ni Mwarabu," Jedidah alisema. "Wacha akae na Waturuki wake. Siku akifa ndio tutaona kama watamzika."

Kwa watu wa kwao hapakuwa na tusi zito kuliko hilo. Huko ugenini kila mmoja alijua kikundi chake, na kikundi kilijulikana kwa jambo moja: nani atakuja kwenye msiba wako. Prudensia alicheka, lakini kicheko hakikumwacha vizuri.

Kilichombadilisha ni jambo dogo. Siku moja alikuwa kwenye foleni nyuma ya wasichana wawili Waturuki waliokuwa wageni Irving. Walipomwona Nazmiye, mmoja alimfinya mwenzake mkono, mwenzake akamfinya naye, wakacheka chinichini. Nazmiye aliona. Akaweka kijiko chini, akakunja mkono wa sweta yake mpaka kiwikoni, akaunyoosha mkono mzima juu ya kaunta na kusema neno kwa Kituruki. Wasichana wakawa wekundu kama nyanya, wakaondoka bila mkate.

Prudensia aliuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia wanifinye mimi mwenyewe," Nazmiye alisema. "Bahati itafika haraka zaidi."

Kwao, alieleza, kuna watu wanaoamini kwamba ukimwona mtu mweusi, mfinye aliye karibu nawe, utapata heri. Watu walifinyana mbele yake tangu alipoanza kutembea. Shuleni walimwita Mwarabu, kwa maana huko mtu mweusi ndilo jina lake hilo, hata kama hajawahi kumwona Mwarabu. Prudensia alikumbuka jinsi yeye na Jedidah walivyomsema kuwa anajifanya Mwarabu, akatamani sakafu ya duka ipasuke.

Baada ya hapo akawa anapitia pale kila Alhamisi akitoka kazini. Walikaa kwenye maboksi ya nyuma, chai kwenye vigilasi, wakizungumza Kiingereza, kila mmoja na cha kwake. Prudensia alijua kidogo kidogo. Bibi wa bibi yake Nazmiye aliletwa Izmir na meli, akauzwa. Alitolewa wapi, hakuna aliyeandika. Wengine nyumbani walisema Sudan, mjomba mmoja akilewa alisema Zanzibar. Bibi yake mwenyewe alisema ukoo wao unaanzia kwenye kisima cha mtaa wao, kwa sababu hapo ndipo bibi wa kwanza alipoteka maji akiwa huru.

Prudensia alipolisikia neno Zanzibar alishika kigilasi chake kwa mikono miwili. Nazmiye alimwona, akatikisa kichwa.

"Usinipeleke huko," alisema. "Hujui kama ni kweli. Mimi pia sijui. Kisima nakijua."

Prudensia aliitikia, lakini hakusikia. Ndiyo maana, masika ya mwaka 2018, alifanya alichofanya.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Mei, Waturuki wa mtaa ule walikuwa na sherehe ya kupokea majira mapya. Uwanja wa kuegeshea magari ulifungwa, zikapangwa meza, kila meza na jimbo lake: Konya na mikate yake, Antep na baklava, Trabzon na samaki. Kwa miaka ishirini Nazmiye alikuwa akiomba meza ya Izmir. Kila mara alijibiwa: mwaka huu meza yenyewe ipo, amepewa mwingine. Mwaka huu nafasi hazitoshi. Mwaka huu abla, yaani dada mkubwa, utusaidie jikoni, hakuna anayejua jikoni kama wewe. Meza ya Izmir ilikuwa ya mke wa daktari wa meno, mama mpole aliyezaliwa Ankara, ambaye Izmir alikuwa anakwenda likizo.

Mwaka huo Selami, aliyekuwa mwenyekiti wa sherehe, aliamua kukaribisha majirani. Akaliandikia kundi la akina mama wa Afrika Mashariki wa Irving na Cedar Hill, akawapa meza moja, waandike jina la msimamizi. Katibu wa kundi alikuwa Prudensia. Alikaa na ile fomu jioni nzima, akawaza dada yake wa dukani, aliyenyimwa meza miaka ishirini, na akaandika: Nazmiye. Alijiona ametoa zawadi. Alidhani anampa mtu ndugu.

Alhamisi iliyofuata Nazmiye hakumwekea chai. Alitandika tangazo la sherehe juu ya kaunta, akaweka kidole. Meza ya Afrika, Nazmiye Hanım, yaani Bibi Nazmiye. Jina lake, kwa herufi kubwa, kwa mara ya kwanza tangu afike Texas.

Prudensia alianza kujieleza. Nazmiye alimsubiri amalize, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Selami amenitoa kwa mlango," alisema. "Wewe umenifungulia dirisha nitokee. Mimi naona nipo nje tu."

Halafu akasema jambo lililomkaa Prudensia kwa muda mrefu. Akikaa kwenye ile meza Jumamosi, alisema, Jumatatu atakuwa mgeni dukani, na nyumbani, na makaburini kwa Rasim. Watu watakuwa wamepata lile jibu la pili, tena limeandikwa.

Prudensia alikwenda kwa Selami siku ileile. Selami hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. Alisema abla ni mtu wao, nani asiyejua, amelea nusu ya watoto wa mtaa huu kwa vipande vya jibini. Lakini sherehe ni uso wa mtaa. Wanakuja Wamarekani, anakuja mtu wa gazeti. Wakimkuta pale meza ya Izmir wataanza kumuuliza maswali, na yeye Selami anataka kumwepusha na maswali. Kama meza ya Afrika haitaki, apumzike nyumbani. Na mtu asiyependa sherehe ya mtaa, Selami aliongeza akipanga risiti zake, labda hapendi na duka.

Kwa hiyo ikawa kazi pia. Prudensia alirudi kwa Nazmiye na habari hizo akijua kwamba ni kalamu yake iliyozianzisha. Alimkuta akimwagilia mrehani. Nazmiye alisikiliza yote, akamaliza mkebe wa tatu.

"Nitafutie ndama," alisema.

Bibi yake alikuwa akimsimulia. Zamani, kila Mei, watu weusi wa Izmir walikuwa na sikukuu yao. Walinunua ndama, wakampamba kwa vitambaa na shanga, wakampitisha nyumba kwa nyumba mjini kote, kwa ngoma, na mji mzima ulitoka kumtazama, weusi kwa weupe. Ilikoma kabla Nazmiye hajazaliwa. Imefufuliwa miaka ya karibuni, yeye akiwa tayari Marekani, na ameiona kwenye simu tu.

"Wanataka niwaonyeshe ninakotoka," alisema. "Nitawaonyesha."

Texas mtu anaweza kukosa mambo mengi, lakini si ndama. Jedidah alikuwa na mgonjwa wake Mesquite, mzee ambaye mwanawe alifuga ng'ombe nje ya mji. Prudensia alimpigia akijua atatukanwa kwanza.

"Gari lenyewe hatukodishwi bila deposit, wewe unataka ng'ombe," Jedidah alisema. "Na ni wa yule mama wa Waturuki? Prude, ume-change lini?"

Prudensia alimsimulia habari ya mkono wa sweta uliokunjwa. Kisha Jedidah akasema Jumamosi hana zamu.

Ndama aliletwa kwenye tela saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba za kupanga. Alikuwa dume wa miezi mitatu, rangi ya majani makavu, na aliposhushwa alikaza miguu minne kwenye lami akakataa dunia. Mwana wa yule mzee alimvuta, Jedidah akamsukuma. Hakuna kilichosogea. Prudensia alikuwa hajamgusa ng'ombe tangu aondoke kwa baba yake, miaka ishirini na miwili. Alikwenda mbele, akapeleka vidole chini ya taya, pale kwenye ngozi laini, akakuna na kumwita polepole, jinsi walivyokuwa wakiita nyumbani. Sikio moja la ndama liligeuka. Akapiga hatua.

"Umemwambia nini?" Nazmiye aliuliza.

"Nimemwita tu. Kwa Kihaya."

"Basi mwambie pia kwamba yeye ni wa Izmir."

Nazmiye alimfunga kitambaa cha bibi yake shingoni, chenye taraza ya sindano pembezoni, akamvika shanga za buluu na maua ya karatasi. Yeye mwenyewe hakujipamba. Alivaa aproni ya duka, ileile ya kila siku, yenye jina la Selami kifuani. Prudensia alimsihi avae gauni zuri. Alikataa. Alisema bibi zake walitembea Izmir na nguo zao za kazi, na wala hakuna aliyewauliza kama wamekuja kuhudumia.

Walipoingia uwanjani muziki ulikuwa juu, halafu kidogo kidogo ukakosa watu wa kuusikiliza. Watoto walikuwa wa kwanza kukimbia. Mlinzi wa maegesho, Mmarekani mnene, alikuja mbio kuuliza kibali, akamwona ndama, akatoa simu na kuomba apigwe naye picha. Nazmiye alitembea bila haraka, kamba mkononi. Alisimama kwenye kila meza, Konya, Antep, Trabzon, kama desturi inavyotaka, akaitakia heri, akasonga. Meza ya Afrika, ambako akina mama wa Cedar Hill walikuwa wamepanga sambusa, alisimama vilevile, akaitakia heri kama jirani, akasonga. Prudensia, aliyekuwa nyuma akimtuliza mnyama, aliona na akaelewa, ingawa aliumia kidogo.

Mbele ya meza ya Izmir alisimama, akaufunga mwisho wa kamba kwenye mguu wa meza. Mke wa daktari alikuwa ameshika sahani ya majani ya mzabibu yaliyofungwa wali. Ndama alinyoosha shingo, akala matatu.

Selami alifika na kipaza sauti mkononi, uso umeiva. Palikuwa na mtu wa gazeti. Ilibidi atabasamu.

"Abla," alisema, na kipaza sauti kilipeleka neno uwanja mzima, "hii ni desturi ya wapi?"

"Izmir."

"Izmir, sawa. Lakini hasa ni ya..."

"Zeituni za kijani au nyeusi?" Nazmiye alimuuliza.

Kilianza kicheko kimoja upande wa kinyozi, kikaenea. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kuondoka dukani na zile zeituni. Lakini kicheko kingeweza kuisha na mambo yakabaki yalivyo, na Nazmiye akatolewa kwa heshima na ndama wake, kama si mama yake Selami. Huyo alikuwa bibi wa miaka themanini na minne, wa kiti cha magurudumu, ambaye kwa kawaida aliletwa sherehe, akawekwa kivulini na kusahauliwa. Konya aliolewa tu. Udogo wake ulikuwa Izmir. Alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa kiganja, mpaka mjukuu wake akamsukuma mbele. Alimtazama ndama muda mrefu. Kisha akafungua kitambaa chake mwenyewe kichwani, mbele ya wanaume wote hao, mvi zake nje, akampa Nazmiye akifunge shingoni kwa mnyama pamoja na kile cha bibi yake. Akasema kitu kwa sauti nyembamba.

Prudensia alitafsiriwa baadaye. Bibi alisema, "Nilidhani niliota. Nilikuwa begani kwa baba yangu." Kisha alimgeukia mwanawe na kumwambia ampishe mtu njia kwenye meza yake.

Mke wa daktari ndiye aliyevuta kiti. Alimimina chai, akaiweka mbele ya Nazmiye, akakaa kando yake, akaomba afundishwe jina la ile taraza. Nazmiye alikaa pale na aproni yake mpaka jua lilipogeuka. Watu walikuja. Walimuuliza, alijibu, mara moja moja.

Jumatatu alifungua duka saa mbili kama kawaida. Selami aliingia, akasimama kwenye kaunta, akaagiza jibini ya chumvi kwa ajili ya mama yake. Nazmiye alimpimia. Hakuna aliyeomba radhi. Si watu wa namna hiyo wote wawili. Mwaka 2019 tangazo la sherehe lilikuwa na majina mawili chini ya Izmir, na la kwanza lilikuwa lake. Maswali hayakuisha. Wateja wapya walikuja kila wiki, na zeituni ziliendelea kuuzika.

Mwaka 2020 hapakuwa na sherehe. Ndege zilipungua juu ya nyumba, na Kamugisha, mume wake Prudensia, aliyekuwa akipakia mizigo uwanjani, alipoteza kazi. Mwezi wa Julai akapata nyingine Houston, bandarini. Wakafunga mizigo.

Nazmiye alifariki Desemba ya mwaka huo. Ilikuwa ni ule ugonjwa, hospitalini, na Prudensia hakuweza kurudi. Jedidah alikwenda makaburini, akasimama mbali kama walivyotakiwa, akampigia simu akiwa bado ndani ya gari. Alisema amehesabu magari ya Waturuki barabarani mpaka akachoka. Alisema, "Wamemzika, Prude," akarudia, na hakuna aliyetaja maneno ya zamani. Mlangoni dukani Selami alibandika karatasi ya Kituruki. Jedidah aliipiga picha, na kijana wa kinyozi akawatafsiria: Nazmiye wa Izmir amefariki. Leo tumefunga.

Lakini Prudensia hupenda kumkumbuka asubuhi ile ya Julai. Gari lilikuwa limejaa, watoto nyuma wakilalamika kwa Kiingereza. Nazmiye alitoka na barakoa, na jagi dogo la plastiki mkononi, kwa sababu kwao msafiri humwagiwa maji nyuma ya gari, aende kama maji na arudi kama maji. Hawakukumbatiana, haikuruhusiwa. Prudensia alishusha kioo, akasema kwamba Houston hawamjui mtu. Alikuwa na miaka arobaini na tano, na alikuwa anaanza tena kuwa mgeni, kutamka jina lake polepole, kusikia lile swali madukani, kazini, shuleni kwa watoto. Alisema hajui hata atajibu nini, maana Bukoba wenyewe siku hizi wanamwita wa Marekani.

Nazmiye aliinama mpaka usawa wa kioo, akakaa mbali kidogo, jagi kifuani.

"Sema Irving," alisema. "Mara moja tu."